Rubani Anapoungoja Ukungu



Nimeombwa nizungumze juu ya usalama wa safari za anga. Hilo ni jambo pana kuliko jioni moja, kwa hiyo nimelipunguza hadi likabaki la dakika chache tu. Ni zile dakika ambazo ndege imekwisha kufika, uwanja uko chini yake, abiria wamefunga mikanda, na nje ya vioo hakuna kinachoonekana ila weupe. Rubani afanye nini? Wengi hujibu haraka kwamba siku hizi kuna mitambo, ndege hujitua yenyewe. Wengine husema rubani hodari hakosi njia. Majibu yote mawili yananitia wasiwasi, na nimekuja kuyapinga. Baada ya kusoma taarifa nyingi za uchunguzi wa ajali, ninaamini kinachookoa watu katika ukungu ni kikomo kilichowekwa mapema na kuheshimiwa. Rubani husubiri kwa muda uliohesabiwa, na muda huo ukiisha huondoka, hata kama ukungu unaonekana karibu kuinuka.

Ukungu wenyewe kwanza. Wataalamu wa hali ya hewa huuita ukungu pale umbali wa kuona unaposhuka chini ya mita 1,000. Unaosumbua zaidi nyanda zetu za juu huzaliwa usiku. Mvua imenyesha jioni, ardhi imelowa, kisha mawingu yametawanyika na anga limebaki wazi. Ardhi hupoteza joto lake, hewa iliyoigusa hupoa, na upepo ukiwa mdogo unyevu uliomo hugeuka matone madogo mno yanayoelea. Huwa mzito kuliko wakati wote karibu na mapambazuko. Jua likipanda, ardhi hupata joto na ukungu huanza kuachia. Sasa tazameni Nairobi. Uwanja wa Jomo Kenyatta uko karibu futi 5,330 juu ya usawa wa bahari, una njia moja tu ya kurukia, na ndege nyingi zinazosafiri usiku kucha kutoka mbali hufika hapo asubuhi na mapema, yaani saa ile ile ambayo ukungu, siku ukiwapo, umekaa kitako. Ndiyo maana wenyeji wamezoea kusikia kwamba ndege zimepelekwa Mombasa, Kilimanjaro au Entebbe.

Binadamu amehangaika na jambo hili kwa karibu miaka mia moja. Tarehe 24 Septemba 1929, katika uwanja wa Mitchel Field huko Long Island, Marekani, rubani Jimmy Doolittle alifunikwa ndani ya chumba chake asione nje hata kidogo, akapaa, akazunguka, akatua kwa kutazama vifaa peke yake. Mwenzake, Benjamin Kelsey, alikaa kiti cha mbele pasipofunikwa, tayari kuushika usukani kama mambo yangeharibika. Miaka thelathini na sita baadaye, tarehe 10 Juni 1965, ndege ya Trident ya shirika la Uingereza la BEA ilitoka Paris na abiria wake ikatua Heathrow kwa mtambo. London ilikuwa na haja kubwa ya kitu hicho, kwa jinsi ukungu uliochanganyika na moshi wa makaa ulivyoufunga uwanja wake kila majira ya baridi.

Chombo kinachoongoza ndege nyingi hadi leo ni mfumo wa kutua kwa vifaa, ambao marubani huuita kwa herufi zake tatu, ILS. Nitaueleza polepole, kwa sababu uzuri wake haujulikani vya kutosha. Ng'ambo ya mwisho wa njia ya kurukia kuna safu ya antena zinazotuma mawimbi ya redio kuelekea ndege inakotokea. Mawimbi hayo yamebebeshwa mitetemo miwili: mmoja wa hetsi 90, mwingine wa hetsi 150. Ndege ikikengeuka kushoto hupokea zaidi ule wa 90. Ikikengeuka kulia, ule wa 150. Inapopokea yote miwili kwa nguvu sawa, ndege iko katikati kabisa ya mstari wa njia. Antena nyingine, iliyo kando ya mahali pa kugusia ardhi, hufanya vivyo hivyo kwa kimo: juu mno ni 90, chini mno ni 150, na usawa wake ni mteremko wa kiasi cha nyuzi 3. Mbele ya rubani hayo yote huonekana kama alama mbili tu, moja ya kushoto na kulia, nyingine ya juu na chini. Akizituliza katikati, anateremka kama futi 300 kwa kila maili ya baharini, akielekea mahali asipopaona. Hakuna kamera wala picha; kuna ulinganifu wa sauti mbili zisizosikika. Mimi huliona hili kuwa moja ya kazi nzuri sana za uhandisi wa karne iliyopita.

Lakini mfumo huo una mwisho wake. Katika daraja la kwanza, ambalo ndilo lililoenea, rubani hufuata alama zile mpaka futi 200 juu ya ardhi. Hapo, kwenye kimo cha uamuzi, anainua macho. Akiziona taa za njia, anaendelea. Asipoziona, anaongeza nguvu za injini na kupaa tena, bila mjadala. Kutoka kimo hicho hadi magurudumu kugusa ardhi, ndege kubwa ya abiria haina sekunde ishirini. Daraja la pili huruhusu kushuka hadi futi 100. La tatu hushuka zaidi, hata kutua umbali wa kuona ukiwa mdogo mno, ila hilo halipatikani kwa kununua ndege mpya peke yake: ndege iwe na mitambo inayoangaliana, marubani wawe wamefuzu kwa kazi hiyo, na uwanja uwe na taa, umeme wa akiba na ulinzi wa mawimbi unaotakiwa. Kimoja kikikosekana, mnarudi kwenye daraja la chini. Basi anayesema ndege hujitua yenyewe anasema ukweli wa viwanja fulani, siku fulani, na marubani fulani.

Kuna kikomo kingine kabla ya zile futi 200. Kando ya njia ya kurukia huwekwa vifaa vinavyopima umbali wa kuona: kimoja hutoa mwanga, kingine huupokea na kupima kiasi kilichopotea njiani. Kwa daraja la kwanza kipimo cha kawaida ni mita 550. Kipimo kikiwa chini ya kinachotakiwa, rubani haruhusiwi kuendelea kushuka kupita futi 1,000 juu ya uwanja. Asijaribu bahati, abaki juu, asubiri.

Na kusubiri huko ni kazi yenye taratibu zake. Ndege hupewa mahali pa kuzungukia, kwenye alama iliyoandikwa kwenye ramani. Huzunguka mfano wa yai refu, kwa kawaida ikigeukia kulia, ikienda dakika moja kwa mstari ulionyooka, ikigeuka, ikirudi dakika moja. Zikiwa nyingi hupangwa moja juu ya nyingine, futi 1,000 baina yao. Ya chini ikiitwa kutua, za juu huteremshwa ngazi moja moja. Abiria huona jua likihama kutoka dirisha la kulia kwenda la kushoto, kisha likirudi. Ndani ya chumba cha marubani mmoja anarusha, mwingine anauliza hali ya hewa ya hapa na ya kwingine, na wote wawili wanatazama mafuta.

Nahodha wa jahazi aliyefika mlango wa bandari maji yakiwa yamekupwa hutia nanga, akapika wali, akalala hadi maji yajae. Ndege haina nanga. Kila dakika ya kusubiri inakula sehemu ya njia ya kuondokea, na hapo ndipo hesabu inapokuwa kali. Kabla ya kuondoka, mafuta hugawanywa kwa mafungu: ya safari, ya akiba kwa mambo yasiyotarajiwa, ya kwenda uwanja mbadala, na fungu la mwisho lisilotakiwa kuguswa, ambalo kwa ndege za jeti ni la dakika 30 za kuzunguka katika kimo cha futi 1,500. Rubani anaweza kuomba mafuta zaidi ya hapo ikiwa utabiri ni mbaya. Akishafika, hujumlisha la uwanja mbadala na lile la mwisho. Kilichozidi juu ya hapo ndicho muda wake wa kusubiri. Kinaweza kuwa dakika arobaini, kinaweza kuwa nane. Jambo ninalotaka wanafunzi walishike ni kwamba hesabu hiyo hufanywa akili ikiwa imetulia, mapema, na kutamkwa kwa sauti ili mwenzake aisikie: tukifika kiasi hiki cha mafuta, tunaondoka. Ikiachwa hadi dakika ya mwisho, itafanywa na mtu ambaye tayari anatamani kutua.

Tazameni kilichotokea Cork, Ireland, tarehe 10 Februari 2011. Ndege ndogo aina ya Metro III ilitoka Belfast asubuhi ikiwa na watu 12, wawili wao marubani. Cork ilikuwa imefunikwa na ukungu. Walijaribu kutua mara ya kwanza, wakashuka chini ya futi 200 bila kuiona njia, wakapaa. Wakajaribu upande wa pili wa njia ile ile. Ikawa vile vile. Kisha wakafanya jambo ambalo kwa nje linaonekana la busara: wakaenda kuzunguka na kusubiri. Wakauliza hali ya viwanja vingine. Kerry, upande wa magharibi, ilikuwa na hewa nzuri. Wakati wanazunguka, kipimo cha umbali wa kuona Cork kikapanda kidogo, na kupanda huko kidogo kukawatosha. Wakaenda mara ya tatu. Kipimo kikashuka tena, nao wakaendelea, wakapita kimo cha uamuzi. Walipotaka kupaa, karibu kabisa na ardhi, wakapoteza udhibiti wa ndege, ikalala ubavu, ikagonga na kupinduka. Ilikuwa saa nne kasoro dakika kumi asubuhi. Watu sita walikufa, marubani wote wawili wakiwamo.

Wachunguzi wa Ireland walifanya kazi ya kina, nami naiheshimu kwa sababu hawakuishia chumba cha marubani. Walikuta marubani waliochoka. Walikuta kapteni aliyepandishwa cheo siku chache tu kabla, amepangwa na msaidizi ambaye naye hakuwa na uzoefu mkubwa. Walikuta mpangilio wa kampuni ambamo mmoja aliuza tiketi, mwingine alimiliki ndege, mwingine alikuwa na leseni ya kuziendesha, na usimamizi ukapotea katikati. Lakini mimi hurudi kila mara kwenye zile dakika za mzunguko. Walisubiri, ndiyo. Walisubiri nini? Hawakuwa na kiwango walichokubaliana kwamba kisipofikiwa wanakwenda Kerry. Walisubiri mpaka dalili ya kwanza ya kutia moyo, na mtu aliyechoka, ambaye ameshajaribu mara mbili, hutiwa moyo na kitu kidogo sana. Baada ya jaribio la pili uamuzi huwa mgumu zaidi, kwa kuwa kuondoka sasa kunamaanisha kwamba mara mbili za kwanza zilikuwa bure. Nakubaliana kabisa na wale wanaotaka idadi ya majaribio iwekewe ukomo kwa kanuni, ili rubani asibaki akishindana na nafsi yake.

Ajali ya pili ninayotaka kuileta ni ya kusubiri kupita kiasi. Tarehe 25 Januari 1990, ndege ya Boeing 707 ya Avianca, safari namba 52, ilitoka Kolombia kwenda New York. Hali ya hewa ya kaskazini mashariki mwa Marekani ilikuwa mbaya, na foleni ilikuwa ndefu. Iliwekwa kwenye mzunguko mara tatu: dakika 19, kisha 29, kisha 29 tena. Dakika 77 kwa jumla. Uwanja wao mbadala ulikuwa Boston. Walipoulizwa juu yake kwenye mzunguko wa tatu, hawakuwa tena na mafuta ya kufika huko. Waliomba kipaumbele. Hawakutangaza dharura. Waongoza ndege wakawaingiza kwenye foleni ya kawaida ya kutua, wakakaribia njia kwa ILS, upepo ukawasukuma chini ya mteremko, hawakuiona njia, wakapaa tena. Rubani msaidizi aliutaarifu mnara wa kuongozea ndege kwamba mafuta yanaisha, lakini kwa maneno ambayo masikio ya watu wenye kazi nyingi yaliyapitisha kama taarifa ya kawaida. Wakapelekwa kuzunguka tena kwa jaribio la pili. Injini zikazimika moja baada ya nyingine, na ndege ikaangukia kilima cha Cove Neck, Long Island. Kati ya watu 158, walikufa 73.

Hiyo ni ndege nzima iliyokuwa na vifaa, marubani wenye leseni, na uwanja mkubwa wenye mitambo yote. Kilichokosekana ni kikomo kilichosemwa kwa neno lisilo na utata. Leo kanuni za Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga zimeweka maneno mawili yaliyofafanuliwa: la kwanza hueleza mnara kwamba ndege haiwezi tena kuongezewa ucheleweshaji, la pili, ambalo ni mwito wa dharura wenye neno mafuta ndani yake, hutamkwa pale hesabu inapoonyesha kwamba ndege itatua ikiwa imekula fungu lile la mwisho. Rubani hana uhuru wa kulikwepa hilo la pili kwa kuona haya. Naomba waongoza ndege waliopo hapa wawafundishe vijana kwamba sauti iliyotulia redioni haina maana kwamba mambo ni shwari.

Kuhusu shinikizo la abiria, hasa mkubwa anapokuwa ndani ya ndege, nitasema kwa ufupi. Tarehe 10 Aprili 2010, ndege ya Tu-154 iliyombeba Rais Lech Kaczyński wa Poland ilikwenda Smolensk, Urusi, kwenye uwanja usio na ILS, na mnara ukaiambia kwamba umbali wa kuona ni mita 400. Walikufa wote 96. Muda mfupi kabla yake ndege ya mizigo ya Kirusi, Il-76, ilijaribu mara mbili katika ukungu ule ule, ikaondoka kwenda Moscow. Marubani wa ile Il-76 hawana sanamu wala kumbukumbu, na ni haki kuwataja.

Jambo jingine moja, kwa sababu lilitokea kwetu. Mnamo Septemba 1974, Boeing 747 ya British Airways ilikuwa ikiikaribia Nairobi ndani ya mawingu. Iliruhusiwa kushuka hadi futi 7,500. Marubani wakasikia 5,000, wakaiweka kwenye mtambo wa kuendesha ndege. Futi 5,000 Nairobi ni chini ya ardhi. Mtambo ukatii kama ulivyoamriwa. Ndege ilipotokeza chini ya wingu ardhi ilikuwa karibu mno, na ilipoinuliwa ilikuwa imebakiza takriban futi 70. Hakuna aliyeumia. Wanaoamini kwamba vifaa vikiwapo hatuna tena haja ya vikomo, na waitafakari ile namba iliyowekwa kwenye dirisha dogo la mtambo.

Tuje kwenye viwanja ambako hakuna ILS kabisa, na hivyo ndivyo vilivyo vingi katika nchi zetu. Bukoba ni mfano. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya abiria aina ya ATR 42 kutoka Dar es Salaam, ikiwa na watu 43, ilianguka Ziwa Victoria ikikaribia kutua hapo katika hali mbaya ya hewa. Walifariki 19, na wavuvi wa ziwani walikuwa wa kwanza kufika kuokoa waliobaki. Katika uwanja wa namna hiyo rubani hana alama mbili za kutuliza katikati. Ana macho yake, na ana taarifa ya hali ya hewa iliyotolewa dakika kadhaa zilizopita, ilhali mvua ya ziwani hubadilika ndani ya dakika hizo hizo. Njia za kutua kwa msaada wa satelaiti zinaweza kusaidia sana, kwani hazihitaji antena uwanjani, na nchi zetu zimekwisha kuanza kuzichora. Lakini hazifiki chini kama ILS kila mahali, na hazitoi kile ninachokiona kuwa pengo letu kubwa, yaani vipimo vya hali ya hewa vya papo hapo, saa zote za safari, vinavyotunzwa na mtu aliyelipwa kuvitunza. Rubani akiambiwa umbali wa kuona kwa kukadiria, atasubiri kwa kukadiria na kuamua kwa kukadiria. Ningekuwa na fedha za uwanja mmoja mdogo, ningeanza na vipimo na taa za njia, kabla ya jengo jipya la abiria.

Kwa wenye mashirika ya ndege nina ombi. Safari iliyoelekezwa uwanja mwingine ina gharama: mafuta, hoteli, mabasi, marubani waliomaliza saa zao za kazi, abiria waliokosa ndege ya kuunganisha. Gharama hiyo iingizwe kwenye bajeti ya mwaka kama mnavyoingiza matairi. Rubani aliyeondoka kwenye ukungu asiitwe ofisini kujieleza. Na aliyetua chini ya kiwango aitwe, hata kama alitua salama na abiria wakampigia makofi, maana makofi hayo humfundisha kurudia.

Kwa sisi abiria, mara nyingine rubani anaposema kwenye kipaza sauti kwamba tunazunguka kungoja hali ya hewa, na baadaye akasema tunakwenda Mombasa, kuna jambo moja tunaloweza kufanya. Tunaposhuka, tumpe mkono wa shukrani. Nimeona watu wakimpita kapteni mlangoni bila kumtazama kwa sababu wamechelewa harusi. Alikuwa na mafuta ya dakika kumi za kusubiri, akayatumia, kisha akaondoka kama alivyokubaliana na mwenzake.

Nimemaliza yangu. Mwenyekiti ameniahidi muda wa maswali, nami ningependa tuanze na ndugu wa mnarani, kwa kuwa upande wao wa redio wanaujua kuliko mimi.